Panya, Mende, Kunguni

Studio yetu ni chumba cha uani Chang'ombe, Dodoma hii hii, ubavuni mwa banda la kuku la mama mwenye nyumba. Ukutani trei za mayai, mlangoni godoro. Feni tuliizima maana ilikuwa inaingia kwenye maiki, tukabaki tunachuruzika jasho.

Tulikuwa tunarekodi singo ya fanki. Siyo singeli, jamani. Fanki, ile ya kukanyaga pigo la kwanza mpaka sakafu iitike. Mpiga dramu wetu, tunayemwita Mhubiri, alishatuchosha na habari za Clyde Stubblefield: mwaka 1969 alimpigia James Brown "Funky Drummer" kule Cincinnati, watu wa hip hop wakakinyofoa kile kipande cha dramu tupu wakajengea nyimbo zao kibao, na mwenyewe mrabaha hakuuona kwa sababu hakuandikwa mtunzi.

"Dramu zikibaki peke yake, hapo ndipo ma-DJ wanapopataka," akasema. "Mtu asikohoe."

Hatukukohoa. Gitaa kimya, besi kimya, dramu zinachanja mbuga. Mara dirishani ikapita baiskeli yenye spika: "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto!" Tena "Panya" ikatua kwenye pigo la kwanza, barabara. Kabla hatujarudia, umeme ukakatika.

Fundi mitambo akaitoa hivyo hivyo. DJ mmoja akaipiga harusini; kamati nzima ikaitikia "Kunguni!", bwana harusi akimwangalia mama mkwe kwa jicho la pembeni. Tangu siku hiyo ma-DJ wa mjini hawatuombi wimbo mwingine.

Muuza dawa naye akatufuata getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimejisikia baa moja Majengo. Kwenye ule wimbo anaimba nani zaidi yangu?"

Tukatazamana. Kweli, hakuna.

"Mzee wetu, ile ilitokea tu, ulikuwa unapita."

"Ndivyo walivyomwambia Stabofidi?"

Kumbe Mhubiri alishamhubiria yote siku aliyonunua dawa ya mende! Tukamwambia tunajipanga, atupe muda kidogo.

Hakutupa. Jana kapita sokoni na tangazo jipya, spika mpaka mwisho: "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto! Wanamuziki wa Chang'ombe!"