Pikipiki kwenye mlango wa mto Sabaki
Jumamosi iliyopita nilitembea taratibu kando ya mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, darubini shingoni, nikiwatazama kitwitwi, ndege wa ufukweni, waliokusanyika kwenye fungu la mchanga huku maji yakijaa. Mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mdomo ameuficha katika manyoya ya mgongoni, na upepo ukiyapeperusha kidogo. Mara pikipiki mbili zikaja mbio, zikapita katikati yao, na kundi zima likaruka. Zikageuka, zikapita tena.

Kero hii naikuta karibu kila niendapo, nami inaniudhi mno, kwa sababu baadhi ya ndege hawa wamesafiri kutoka Siberia, na maji yakijaa, matope wanayotafutia chakula yakiwa yamefunikwa, hawana budi kupumzika na kutunza mafuta ya mwilini yatakayowarudisha kwao ifikapo Aprili. Kila wanaporushwa, mafuta hayo huteketea bure. Barabara ya kwenda Mambrui ipo, tena ina daraja lake. Sioni sababu yoyote ya kupitisha pikipiki pale pale walipolala ndege.