Kubadili jina la faili hakuifanyi kishale

Ule ushauri umerudi tena: una picha ya zamani ya BMP, unataka iwe kishale cha kipanya, basi futa .bmp uandike .cur, kazi imekwisha. Hongera. Umepata faili ya BMP yenye jina la uongo.

BMP huanza na baiti 14 za utambulisho, herufi B na M zikitangulia. Ndani ya .cur baiti hizo hazitakiwi. Mahali pake panakaa baiti 6 (sifuri, kisha 2 ya kutambulisha kishale, kisha idadi ya picha) na baiti 16 za maelezo kwa kila picha. Kile kichwa cha baiti 40 kinachofuata kwenye BMP, chenye vipimo vya picha, kinabaki, ila kimo huandikwa maradufu: picha ya 32 kwa 32 inatajwa kuwa na kimo cha 64, kwa sababu baada ya rangi inafuata maski, yaani ramani ya pikseli za kuficha, biti moja kwa kila pikseli.

Halafu wapo wajanja zaidi. Hawa hutengeneza ikoni ya .ico kwanza, wakabadili ile 1 inayotambulisha ikoni kuwa 2, wakaondoka kifua mbele. Faili inafunguka, kishale kinaonekana, lakini ukibofya kitufe hakijibu. Mnajua kwa nini? Baiti ya 10 na ya 12, ukihesabu kuanzia sifuri, kwenye ikoni huwa na idadi ya matabaka na idadi ya biti za rangi, mara nyingi 1 na 32. Kwenye kishale nafasi hizohizo ndizo X na Y za ncha ya kubofyea. Ncha yako sasa iko safu ya 1, mstari wa 32, wakati mistari inaishia 31! Unabofya nje ya picha yako mwenyewe.

Ncha ndiyo kishale. Mengine yote ni mapambo. Mshale unaotazama juu kushoto ni 0, 0. Penseli yenye ncha chini kushoto ni 0, 31, yaani 00 00 1F 00 kwenye kihariri cha heksadesimali, baiti ndogo ikitangulia. Y inahesabiwa kutoka juu, hata kama mistari ya picha yenyewe imehifadhiwa kuanzia chini. Hapo ndipo wengi hugeuza kichwa chini miguu juu. Msalaba wa kulengea uchore ndani ya pikseli 31 kwa 31, katikati iwe 15, 15, maana 32 haina pikseli ya kati. Na kinachoudhi ni kwamba XBM, picha ya rangi mbili ya X Window, hubeba x_hot na y_hot ndani ya faili, wazi kabisa, ila programu za kugeuza huweza kuzitupa.

Nakubali, shingo upande, kwamba programu inayojaza 0, 0 kila mara haikosei kwa mshale wa kawaida. Hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku.

Usuli wa majenta, ile rangi ya waridi kali inayowekwa mahali pa uwazi, uondoe kabla ya kupunguza ukubwa, si baada, la sivyo kingo zitabaki na ukoko wa waridi. Pikseli zilizofichwa na maski zipake nyeusi tupu. Zikiwa na rangi nyingine zinaweza kupindua rangi za kilicho chini yake. Ukianza na PCX, aina nyingine ya picha za zamani, ile ya rangi 256 huweka paleti (orodha ya rangi) mkiani, baiti 768 baada ya baiti ya alama yenye thamani 12, kwa hiyo faili iliyokatika mwisho imepoteza rangi zake.

Ukimaliza, tazama ukubwa. Kishale kimoja cha 32 kwa 32, biti 32, bila kubanwa, ni baiti 4,286: 22 za mwanzo, 40 za kichwa, 4,096 za rangi na 128 za maski. Ikiwa 4,158, maski imesahauliwa. Ikiwa 4,150, mtu amebadili jina tu.