Fundi hakuniuliza gari ni la nani

Nilikuwa Kibaha, msibani, nilipojipapasa mfukoni nikakuta ufunguo wa gari haupo. Tulitafuta kwenye majani, chini ya mikeka, mpaka kwenye masufuria. Hakuna. Gari lilikuwa limetoka Japani na ufunguo mmoja tu, na kwa miaka minne nilikuwa nikisema nitachonga wa pili mwezi ujao.

Shemeji mmoja akanipa namba ya fundi. Alikuja kwa bodaboda, begi mgongoni. Akafungua mlango, akatoa kitasa, akasoma vibati vya ndani na kuchonga ufunguo palepale kwa mashine aliyoiunga kwenye betri ya gari. Kisha akatoa kontrol boksi, kile kiboksi kinachoruhusu injini kuwaka, akaiunganisha na kompyuta yake. Kabla ya magharibi gari liliwaka. Nilimshukuru kwa moyo wote, na mpaka leo namshukuru. Usiku, nikirudi Dar, ndipo kitu kikanijia: hakuniuliza jina. Hakuomba kadi ya gari. Alikuta mtu amesimama kando ya gari lililofungwa, akamwashia.

Wapo wanaosema kazi hii ibaki kwa mawakala wa makampuni ya magari peke yao, na wapo wanaosema fundi wa mtaani aachwe afanye kazi yake. Mimi nipo na fundi, ila kwa sharti moja. Nitalifikia, lakini kwanza hoja ya wakala isikilizwe, maana ina uzito.

Ufunguo wa siku hizi una kazi mbili. Meno yake yanazungusha swichi, na ndani ya plastiki kuna chipu ndogo isiyotumia betri. Ukiuingiza ufunguo, pete ya waya iliyozunguka swichi inaiamsha chipu kwa mawimbi, chipu inajibu, na gari likilikubali jibu ndipo injini inaruhusiwa kuwaka. Jibu lisipolingana, injini haiwaki hata meno yawe sawasawa. Ulaya ililazimisha kinga hii kwa magari mapya ya abiria tangu Oktoba 1998. Japani haikuwa na sharti kama hilo, ndiyo maana magari mengi ya zamani yaliyotoka huko hayana chipu kabisa, na ufunguo wake huchongwa kama wa kufuli. Tazama dashibodi gari likiwa limezimwa: kitaa chekundu kikimetameta, hasa chenye alama ya ufunguo, mara nyingi ujue chipu ipo.

Sasa, ukienda kwa wakala ataomba kadi, kitambulisho na namba ya chesesi. Ufunguo wako utachongwa kwa namba ya kiwandani, si kwa kunakili ufunguo uliolika, na hili si dogo: nakala ya meno yaliyochakaa huzaliwa imechakaa. Gari litaunganishwa na mashine ya kampuni, na ule uliopotea utafutwa usiwashe tena. Kontrol boksi nayo haitaki kubahatisha. Fundi akiandika vibaya kwenye kumbukumbu yake, gari lililokosa ufunguo tu linageuka gari bovu. Nimewahi kuliona moja la namna hiyo gereji, limekaa mpaka matairi yamelala.

Lakini wakala yuko wapi? Mtu aliyepotelewa na ufunguo Tunduru au Kasulu hawezi kulifikisha gari Dar bila kulibeba, na gharama ya kulibeba peke yake inaweza kuizidi ya ufunguo. Kuna la pili ambalo halisemwi sana. Magari mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa soko la Japani, na baadhi ya aina hizo hazikuwahi kuuzwa mpya hapa. Wakala wa hapa hakuliuza gari hilo, na si ajabu akakwambia usubiri oda kutoka nje. Ukisema ufunguo utengenezwe na wakala tu, mwenye gari la mtumba unamwambia asubiri wiki kadhaa kwa kosa la kutumbukiza ufunguo chooni.

Hoja ya wakala ninayoipinga moja kwa moja ni ile ya siri: kwamba maarifa haya yakifichwa, mwizi hatayapata. Volkswagen ilijaribu. Mwaka 2013 ilipata zuio la Mahakama Kuu ya Uingereza kuwanyamazisha watafiti waliogundua udhaifu wa Megamos, chipu iliyotumika kwenye magari ya makampuni mengi. Utafiti ulitoka 2015, ukiwa umepunguzwa sentensi moja. Watafiti wengine walikuwa wameshaivunja kinga ya chipu za funguo za kampuni ya Texas Instruments mwaka 2005, na ya kizazi kilichofuata ikavunjwa 2020. Kufuli likiwa dhaifu, kumnyima maarifa fundi mwaminifu hakulitii nguvu.

Mtu atanijibu kwamba basi tudhibiti mashine. Serikali ya Uingereza ilitangaza hatua hiyo Februari 2025: anayekutwa na kifaa cha kielektroniki cha kuibia gari atatakiwa kuthibitisha kuwa ana matumizi halali. Naelewa kilichowasukuma, maana huko magari yasiyohitaji kuingiza ufunguo yanaibwa kwa kunasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba. Ila sheria kama hiyo inahitaji kwanza fundi halali awe na kitu cha kuonyesha. Marekani mafundi wa funguo hujisajili, huchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu, na aliyesajiliwa hupata namba za funguo kutoka kwa makampuni, kwa sharti la kuhakiki mwenye gari na kutunza fomu. Njia hiyo naipenda kuliko zote. Haimzuii fundi kufanya kazi. Inamwachia jukumu la kuuliza.

Sharti langu ni hilohilo: kabla ya kuchonga, fundi aone kadi, alinganishe namba ya chesesi na iliyogongwa kwenye gari, apige picha ya kitambulisho, aandike kwenye daftari.

Najua ugumu wake. Kadi yenyewe pengine imefungiwa ndani ya gari. Magari mangapi mtaani bado yana jina la mmiliki wa kwanza, aliyenunua hajabadilisha jina? Huyo si mwizi, lakini kwa kadi peke yake ataonekana mwizi. Aonyeshe basi mkataba wa mauziano, au alipigie simu jina lililo kwenye kadi. Ugumu mkubwa zaidi ni njaa. Fundi anayeuliza maswali anaweza kumpoteza mteja kwa jirani yake asiyeuliza, na siwezi kumlaumu mtu mwenye kodi ya fremu kichwani. Ndiyo maana daftari lisibaki hiari ya mtu mmoja mmoja. Liwe utaratibu wa mafundi wote, na sisi wateja tuache kununa tunapoombwa kadi.

Tena, si kila tatizo linahitaji ufunguo mpya. Rimoti ikigoma, anza na betri. Nyingi zinatumia CR2032 au CR2016 ya volti 3. Gari la kubonyeza kitufe mara nyingi huwaka hata betri ya ufunguo ikiwa imekufa, ukiusogeza ufunguo ukagusa kitufe chenyewe. Na waliobadilisha ganda la ufunguo barabarani kisha gari likagoma kuwaka, warudi haraka kwa aliyewabadilishia: chipu huwa imebaki kwenye ganda la zamani, na likishatupwa na taka, gharama ni nyingine kabisa.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa fundi mwingine, Mwenge, kuongeza ufunguo wa akiba. Huyu aliomba kadi kabla hata sijakaa. Akainama kusoma chesesi, akaandika, ndipo akachomeka mashine yake chini ya usukani.

"Kaka, una funguo ngapi za hili gari?"

Nikamwambia mmoja, huu hapa.

"Gari linatambua tatu."

Mmoja nilikuwa nao mkononi. Wa pili ni ule uliopotea Kibaha, uliokuwa bado unaliwasha gari langu mwezi mzima baada ya mimi kuamini kwamba mambo yamekwisha. Wa tatu sikuwahi kuuona. Labda ulibaki Japani. Aliniuliza kama nataka kuongeza tu au afute zote aanze upya, na kufuta kulikuwa na nyongeza ya bei. Nikamwambia afute.

Gari sasa linatambua funguo mbili. Mmoja ninao, mwingine anao mke wangu.