Feni Imenichongea kwa Baba Mkwe

Mliokwisha kuisikia ile voisi noti ya shemeji yangu, ile ya dakika nne ambayo dakika tatu ni kicheko, kuhusu siku nilipotengeneza feni ya gari barabarani mbele ya baba mkwe, naomba mnisikilize na mimi mwenye gari. Mengi aliyosema ni kweli. Ila hapo anaposema nilipiga magoti barabarani, hapana. Nilichuchumaa. Nilikuwa natafuta skrubu.

Gari mnalijua, Corolla 110 ya mwaka 1997, ile ile mnayoiita marehemu mtarajiwa. Na baridi ya Njombe mwezi wa saba mnaijua, ama mmeisikia. Sasa feni ya hita ilianza kuchoka tangu mwezi wa tano. Ukiweka namba moja, kimya. Mbili, kimya. Ukipeleka namba nne inakoroma, dashibodi nzima inatetemeka, halafu hewa inayotoka ni pumzi ya mgonjwa. Ya moto, sikatai, lakini inaishia njiani, kioo hakiioni.

Mimi siendi kwa fundi kabla sijaharibu kwanza mwenyewe. Nikajitangazia kuwa tatizo ni resista, kile kidude kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini. Nikafuata ya mtumba mpaka Makambako, elfu kumi na tano, nikafunga, nikawasha. Vilevile. Mnaotaka kunisahihisha, tulieni, nimeshasahihishwa. Resista ikifa, namba nne huwa inabaki na nguvu zake, kwa sababu umeme wa namba nne hauipitii. Yangu ilikuwa goigoi kuanzia moja mpaka nne. Dogo mmoja wa gereji ndiye aliyenielewesha hayo, huku ameegemea gari langu anakula muwa, elfu kumi na tano yangu ikiwa imeshakwenda. Akaongeza: "Bro, fungua mota yenyewe uiangalie." Nikasema nitafungua Jumamosi. Jumamosi ya mwezi gani, sikusema.

Alhamisi baba mkwe akawa anarudi Dar. Basi lake analipandia Makambako, kilomita kama sitini kutoka kwetu, na nani wa kumpeleka kama si mkwe wake mwenye usafiri? Tukatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba mkwe mbele, shemeji nyuma na mabegi na gunia la viazi.

Nje ukungu. Ndani watu watatu tunapumua, na mzee kafungua chupa ya chai ya tangawizi. Kioo kikawa cheupe kama kimepakwa ugali. Feni namba nne inakoroma tu. Baba mkwe akavua mzula wake akaanza kufuta, huku ananielekeza. "Kulia kidogo, Baba Neema. Hapo kuna mtu. Kushoto. Taratibu. Huyo si mtu, ni ng'ombe."

Kabla ya Mtwango nikaona tutazika. Nikaegesha pembeni, nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesomea: "Baba, nipe dakika kumi tu."

Mota ya ile feni iko chini ya droo ya dashibodi, miguuni pa abiria, kwa hiyo ikabidi mzee ashuke akasimame kwenye umande na kikombe chake. Nikaingiza kichwa kule chini, bisibisi mdomoni. Skrubu tatu. Moja ikadondoka (ndiyo ile niliyoichuchumalia, shemeji). Mota ikatoka mkononi na kile kizimba chake cha plastiki, mfano wa tenga dogo, na tenga limejaa. Manyoya, majani ya mipaini, makapi ya mahindi. Panya. Gari hili halina chujio la hewa ya ndani, anayetaka kuingia anaingia. Mwenye nyumba hakuwepo, alikuwa ameshahama.

Hapa mtu mwenye akili angechukua kijiti akachokoa. Mimi nikaligonga tenga kwenye tairi mara mbili tatu, nikaona limelegea kidogo, nikapata wazo. Nikasema: "Tuiunge moja kwa moja kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu itajisafisha yenyewe."

Itajisafisha yenyewe. Haya maneno niandikiwe kaburini.

Nyuma ya gari nilikuwa na waya wa spika. Nikafunua boneti. Shemeji nikamkabidhi ncha za kugusisha kwenye betri, mimi nimeishika mota kwa mikono miwili, tenga linatazama juu. Baba mkwe naye, mtu anayependa kujifunza, akasogea na tochi ya simu akainama kabisa, uso kwa uso na feni. Kaweka mzula wake vizuri. Kikombe mkono mwingine.

"Tia waya," nikasema.

Akatia.

Jamani, ile mota haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa nzima, ina hasira ya miezi miwili. Iliruka mkononi kama kuku aliyeona kisu. Sekunde ya kwanza ilikuwa vumbi tu, jepesi, linapepea. Sekunde ya pili yakaja makapi, kama mama anapepeta mahindi na upepo umemgeukia. Mzee akafumba macho lakini hakurudi nyuma, sijui kwa nini, nadhani ni heshima. Sekunde ya tatu manyoya. Yakaingia kwenye chai. Sekunde ya nne, kutoka chini kabisa ya kile kiota, pale panya alipokuwa ametandika kitanda chake, zikaanza kutoka karatasi. Vipande vipande, vimetafunwa pembeni, vinapanda juu kwenye mwanga wa ile tochi halafu vinashuka polepole kama maua ya harusini.

Rangi ya zambarau. Zina chengachenga za dhahabu.

Nilizijua kabla hazijatua.

Wageni wa huku, niwaeleze haraka. Shemeji huyu huyu aliyeshika waya alioa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Kadi ya mchango aliniletea kijana wa kamati mwezi wa tisa, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye droo ya gari nikisema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi pesa ikaenda kwenye mbegu za viazi. Mwezi uliofuata ikaenda kwenye mbolea ya viazi. Nilipoulizwa nikasema kadi haijanifikia. Hapo ningenyamaza ingekuwa afadhali, lakini nikanuna. Nikasema mimi mkwe mkubwa wa nyumba hii sikumbukwi hata kwa kadi? Kijana wa watu akafokewa na kamati nzima. Mwenyekiti akanipigia simu kuniomba radhi. Siku ya sherehe nikakalishwa meza ya mbele ili nisisononeke. Nikala nyama ya mbuzi ya meza ya mbele, nimesononeka.

Turudi kwenye boneti. "Toa waya!" nikapiga kelele. Mota inanguruma, shemeji akasikia "tia", akakandamiza. "Toa!" Anakandamiza. "TOA!" Anakandamiza kwa mikono yote, mtoto mtiifu. Waya umeanza kuniunguza vidole, siwezi kuiachia mota kwa sababu itamrukia mzee, na karatasi zinaendelea kutoka, wala sikujua kuwa kadi moja ina karatasi nyingi namna ile.

Alipotoa, kukawa kimya. Mnakijua kile kimya cha feni inayomalizikia. Fuuuu, fuu, fu. Kipande kimoja kilikuwa kimetua juu ya mzula wa baba mkwe. Kingine kwenye ndevu. Kikubwa kuliko vyote kilibandika kwenye sweta lake, kifuani, upande wa moyo, kama beji ya mgeni rasmi. Mzee akakibandua kwa vidole viwili, akakisogeza kwenye tochi, akakiweka mbali, akakirudisha karibu, maana miwani ilikuwa kwenye begi. Akasoma kwa sauti:

"...wako ni muhimu sa."

Akakigeuza. Akaokota cha kwenye ndevu.

"Bw. na Bi. Baba Nee."

Shemeji bado kashika waya. Alinitazama mimi, akatazama zile karatasi kwenye majani, akanitazama tena. Nikasema kitu ambacho mpaka sasa sijui kilitoka wapi. Nikasema: "Kumbe ilifika!"

Yaliyobaki si ya kuelezwa sana. Nikachokoa kizimba kwa kijiti, nikarudisha mota, skrubu mbili kati ya tatu, nikawasha. Feni namba mbili tu, kioo kikafunguka chote. Hewa mpaka inapeperusha risiti. Ile resista ya zamani, ambayo niliitupa, nayo ilikuwa nzima. Kilomita zilizobaki hakuna aliyezungumza, na safari hii barabara ilionekana vizuri sana. Basi tuliliwahi. Mchango nimeshautuma, mara mbili ya ule niliokuwa nimekusudia, na kijana wa kamati nimempigia mwenyewe, akacheka kuliko nilivyopenda. Mama Neema hajasema neno. Anaimba tu jikoni.

Jana jioni baba mkwe akapiga simu.

"Baba Neema, nilifika salama. Nimekuta kipande kingine ndani ya mzula."

"Pole baba."

"Kinasema, 'kabla ya tarehe'. Tarehe yenyewe panya ameila." Akanyamaza, nikasikia anakunywa kitu. "Kwa hiyo mwambie shemeji yako hukuchelewa."