Bima ya nyumba haimjui mtoto wa jirani

Mlezi anayepokea watoto wanne au watano sebuleni mwake kila asubuhi ataulizwa na mzazi makini: "Una bima?" Wengi hujibu ndiyo, na hawadanganyi. Nyumba yao ina bima kweli. Ila bima hiyo ilikatwa kwa ajili ya familia inayoishi humo, na watoto wanaoletwa kwa malipo hawamo kwenye hesabu zake. Ndipo mvutano unapoanza. Wapo wanaosisitiza kuwa kila anayelea watoto kwa fedha akate bima ya biashara tangu siku ya kwanza. Wapo pia wanaosema ada yake inakula kipato chembamba, na masharti yake yana matundu mengi kiasi kwamba fedha hiyo bora ingenunua geti la ngazi na kifaa cha kuzimia moto. Pande zote mbili zina hoja za kweli.

Tuanze na kile ambacho mlezi tayari anacho. Bima ya kawaida ya nyumba hukinga mali, yaani jengo na vilivyomo, na hukinga dhima, yaani deni linalokuangukia kisheria mtu akiumia kwa uzembe wako. Mgeni akiteleza kwenye sakafu uliyoiacha na maji, dhima ndiyo inayomlipa. Lakini ukisoma orodha ya mambo yasiyolipwa, mara nyingi utakuta sentensi fupi inayoondoa shughuli yoyote ya kujipatia kipato. Mtoto anayelelewa kwa malipo anaangukia hapo moja kwa moja. Hata upande wa mali hauko salama. Moto ukianzia jikoni saa nne asubuhi, mkaguzi wa hasara ataandika nani walikuwa ndani na walikuwa wanafanya nini. Biashara ambayo kampuni haikuambiwa ni taarifa muhimu iliyofichwa, na bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu baina ya pande mbili. Matokeo yake yanaweza kuwa fidia iliyopunguzwa, au mkataba kufutwa kabisa, jengo likiwa majivu.

Kwa hiyo kutoa taarifa si jambo la hiari, hata kwa yule asiyetaka kukata bima ya ziada. Barua pepe moja kwa kampuni inatosha kuanza: idadi ya watoto, umri wao, saa za kazi, kama kuna wanaolala usiku, kama kuna msaidizi, mbwa, bwawa au trampolini. Anayepanga amjulishe na mwenye nyumba, kwa kuwa mkataba wa pango nao unaweza kukataza biashara.

Sasa gharama. Tuseme ada ya bima ya biashara ni 720 kwa mwaka, kwa fedha yoyote ile. Kwa mwezi ni 60. Mlezi mwenye watoto sita anabeba 10 kwa kila mtoto. Mwenye watoto wawili anabeba 30 kwa kila mtoto. Ndiyo maana ushauri wa "kila mtu akate" huwaumiza zaidi walezi wadogo, na wao wana haki ya kulalamika. Kwao kuna njia ya kati: nyongeza kwenye bima ya nyumba, inayoruhusu malezi ya watoto wachache. Ada yake huwa nafuu. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi kikomo cha malipo hubaki kile kile cha familia, na nyongeza nyingine hukinga vitanda na vinyago tu bila kugusa dhima, jambo ambalo mlezi hulijua siku ya ajali. Kwa mtu mwenye watoto wawili au watatu, asiye na msaidizi wala kuwasafirisha, naona nyongeza inatosha, mradi imeandikwa wazi kwamba dhima inahusu watoto anaowalea kwa malipo. Akiajiri msaidizi au kuanza kuwachukua watoto shuleni, hesabu inabadilika na mkataba wa peke yake unakuwa wa lazima.

Fedha zikiwa haba, dhima itangulie mali. Televisheni iliyoibwa ina bei inayojulikana. Mtoto aliyeungua mkono kwa birika, waya wake ukiwa umening'inia ukingoni mwa meza, anaweza kuhitaji matibabu kwa miaka, na hakuna anayejua leo kiasi kitakachodaiwa. Anayekinga mali asitaje thamani pungufu ili ada ishuke. Vitu vyenye thamani ya milioni 10 vikikatiwa bima ya milioni 6, kampuni nyingi hulipa kwa uwiano huo huo: hasara ya milioni 2 inaleta milioni 1.2, hata kama hasara yenyewe haijafika kikomo.

Wanaolalamikia matundu ya masharti ndio wenye hoja nzito zaidi, na mawakala wengi huipita haraka. Kwanza ni gari. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haikingi kubeba abiria kwa malipo, na bima ya malezi nayo huwa haigusi ajali za barabarani. Mtoto aliyeko kiti cha nyuma anaweza kuwa katikati ya mikataba miwili, usimlipe hata mmoja. Pili ni msaidizi. Dhima kwa watu wengine haimhusu mfanyakazi wako akiumia mgongo kwa kumwinua mtoto. Hiyo ni bima ya waajiriwa, na ndugu anayelipwa mara nyingi anahesabika kama mwajiriwa. Tatu ni watoto wa mlezi mwenyewe, ambao kwa kawaida hawamo. Nne ni idadi. Mkataba wa watoto watano, au leseni ya watoto watano, hauna huruma na mtoto wa sita aliyepokelewa siku moja kwa sababu mama yake amepata dharura. Ajali ikimpata yeyote kati yao siku hiyo, kampuni ina sababu ya kupinga dai lote.

Tano ni jambo ambalo watu huona vigumu kulitamka: shutuma za kumdhalilisha mtoto. Hakuna bima inayomlipia mtendaji, na ni haki. Lakini mlezi anaweza kushtakiwa kwa kushindwa kusimamia, mshutumiwa akiwa msaidizi, ndugu anayeishi humo au hata mtoto mkubwa. Mikataba mingi huliondoa jambo hili kabisa au kuliwekea kikomo kidogo cha pekee. Swali la kuuliza ni hili: je, gharama za wakili zinalipwa hadi ukweli ujulikane? Mkataba usiolijibu swali hilo ningeuacha, hata ungekuwa rahisi kiasi gani, kwa sababu mlezi asiye na hatia anaweza kufilisika kwa kujitetea tu.

Gharama za wakili zina swali lingine. Kikomo kinaweza kuandikwa 1,000,000 kwa tukio moja na 2,000,000 kwa mwaka mzima. Wakili akilipwa nje ya kikomo, milioni yote inabaki kwa ajili ya fidia. Akilipwa ndani yake, kesi iliyogharimu 300,000 inaacha 700,000, na kinachozidi kinatoka mfukoni mwa mlezi.

Wanaopinga bima huja na njia mbadala: mzazi atie saini kwamba hatamdai mlezi. Karatasi hiyo ina kinga ndogo kuliko inavyoonekana. Katika mifumo mingi ya sheria, mzazi hawezi kuitupa mapema haki ya mtoto ya kudai kwa ajili ya maumivu yake, na mahakama hazipendi saini inayofuta uzembe. Saini zenye faida ni nyingine: ruhusa ya huduma ya kwanza, kipimo na saa ya kila dawa, orodha ya mzio, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Hizi huzuia madai, na dai likija huwa ushahidi.

Kwenye muda wa kudai napenda kukaa kidogo, kwa sababu ni pale ambapo walezi waangalifu nao hukosea. Katika nchi nyingi, muda wa kufungua kesi kwa mtoto hauanzi kuhesabiwa hadi afikie utu uzima. Aliyeumia akiwa na miaka 2 anaweza kudai akiwa na 19, miaka 17 baadaye, mlezi akiwa ameshastaafu. Mikataba inayofuata tukio hulipa kwa kuangalia siku ya ajali: kama bima ilikuwa hai siku hiyo, inatosha, hata ikiwa ilikwisha zamani. Mikataba inayofuata dai huangalia siku dai lilipofika. Huo wa pili huanza kwa ada ndogo, na wengi huvutiwa. Lakini ukiacha kazi na kuusitisha, ajali za miaka yote uliyolea zinabaki wazi, isipokuwa ununue muda wa ziada wa kupokea madai. Ukihama kampuni, angalia pia tarehe ya kurudi nyuma, yaani siku ambayo ajali zilizotokea kabla yake hazilipwi. Ikiwekwa siku ya kuhama, miaka ya nyuma imefutika. Kwa kazi ya watoto, mkataba unaofuata tukio una thamani kuliko tofauti ya ada.

Ajali ikitokea, mtoto kwanza: huduma ya kwanza, daktari, mzazi. Kisha, siku hiyo hiyo, andika saa, mahali, nani alikuwepo, kilichoonekana na kilichofanyika, bila kukisia chanzo. Piga picha ya mahali kabla hujasafisha. Mikataba hukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na baadhi ya walezi huelewa hapo kwamba wanyamaze. Si hivyo. Kumpa mzazi pole na kumweleza ukweli wa kilichotokea ni wajibu. Kinachokatazwa ni kusema "kosa ni langu" au "nitalipa yote". Na wanaonyamaza kwa kampuni wakihofia ada kupanda wanajiweka pabaya zaidi. Inaweza kupanda, ndiyo, lakini sharti la kutoa taarifa mapema lipo karibu katika kila mkataba, hata mzazi akiwa bado hajadai kitu.

Nakala ya taarifa hiyo iingie kwenye faili moja na hati ya bima ya mwaka huo, risiti ya ada, mahudhurio ya watoto na majibu ya kampuni ya maandishi kuhusu gari, msaidizi na idadi. Faili hilo lisichomwe wala kutupwa mpaka mtoto mdogo kuliko wote aliyelelewa mwaka huo apite umri wa kudai.