Soka la mchangani na zile dakika tano za mwanzo

Ukidai huduma ya kwanza kwenye kikao cha kombe la mtaa hapa Dodoma, utaambiwa unataka kuua soka la mchangani. Jibu hilo lina mashiko. Waandaaji wengi wanajitolea, na ada za timu zinaishia kwenye mipira, waamuzi na mbuzi wa bingwa. Wakibanwa sana, vijana wa Nzuguni au Mkonze watacheza tu, tena bila kamati ya kuulizwa lolote.

Ila wanaodai usalama wanaeleweka vibaya, kana kwamba wanataka gari la wagonjwa kila kiwanja. Desemba 2016 mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka katikati ya mechi pale Kaitaba, Bukoba, akafariki. Wengi husema ni kudra, na kweli si kila moyo uliosimama hurudi. Lakini Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen moyo ukiwa umesimama. Alikandamizwa kifua palepale, moyo ukashtuliwa kwa mashine ya umeme, na leo hii tunajua alirudi kucheza.

Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kushtuliwa wala kukandamizwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Zikifika dakika 5, karibu nusu imeshakwenda. Na dakika 5 kwenye viwanja vyetu tunazijua: wenzake wanamzunguka aliyeanguka, mmoja anammwagia maji, mwingine anamtia vidole mdomoni akisema amemeza ulimi. Mwili ukitikisika kidogo, watu wanasema kifafa. Bajaji bado inatafutwa. Hata Hospitali ya Benjamin Mkapa, pamoja na mabingwa wake wa moyo, itampokea akiwa amechelewa.

Kinachodaiwa ni mtu anayejua kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kamati iliyopata hela ya mbuzi haishindwi kupata watu wawili wa hivyo na namba ya dereva.

Vijana wakijichezea jioni, sioni wa kulaumiwa. Kamati ikishachukua ada na kupanga mechi saa nane mchana juani, wajibu ni wake. Chama cha soka cha wilaya kidai majina ya watu hao wawili kabla ya kutoa kibali, na mafunzo kiyaendeshe chenyewe, bure, ili kamati zisizo na mdhamini zisiachwe nje.