Chapati Tisa za Mheshimiwa

Leo nimetozwa shilingi 550 kwa chakula cha mchana cha shilingi 70. Naomba mniache niseme, maana nyumbani nimeshakatazwa kulirudia jambo hili, na kazini wameanza kuniita "mkubwa".

Siku yenyewe ilikuwa imeoza tangu alfajiri. Tokeni za stima ziliisha nikiwa napiga pasi, kwa hiyo shati langu lilinyooka mbele tu. Mgongoni lilikuwa kama ramani ya milima. Kumbukeni hilo shati. Kwenye matatu makanga akanidai hamsini, na jana ilikuwa thelathini. Nikamuuliza kulikoni. Hakunijibu, alitazama juu tu. Kulikuwa na wingu moja. Nikatoa hamsini.

Kabla ya kuingia kazini nikapitia kwa fundi viatu anitobolee tundu jipya kwenye mshipi, kwa sababu yale ya kiwandani niliyamaliza mwaka jana. Fundi akaupasha msumari kwenye jiko lake la kopo, akaupitisha kwenye ngozi, moshi ukatoka na harufu ya ng'ombe aliyekufa zamani. "Mzee, nimekuachia nafasi ya mengine mawili," akaniambia. Shilingi ishirini. Huyo ndiye mtu pekee ninayemjua anayepanga mbele.

Basi saa saba nikateremka kwa Mathe. Kibanda chake kiko kwenye kichochoro kinachotokea Lunga Lunga Road: mabati matatu, benchi mbili, na jiko ambalo sijawahi kuliona limezimwa tangu niajiriwe stoo. Nikaketi mahali pangu, karibu na yule mzee tunayemwita Karani, aliyekuwa karani wa serikali hadi walipopunguzwa miaka ya tisini. Nikaagiza chapati moja na madondo. Nikanawa. Sijatia tonge mdomoni, Prado mbili zikaingia kichochoroni, kichochoro ambacho hata mkokoteni hupita kwa maombi.

Mheshimiwa akashuka. Jina simtaji. Kwanza mnamjua, pili namdai na sitaki akasirike kabla hajalipa.

Kijana wa kamera akatukagua mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya. Akafika kwangu, akaliona shati, upande wa mbele. "Huyu," akasema. Mheshimiwa akaletwa akaketi ubavuni mwangu, goti kwa goti, manukato yake yakaifukuza harufu ya dania hadi barabarani. Mathe akamwekea chapati na madondo. Mheshimiwa akaitazama ile sahani, akaomba uma.

"Uma hatuna, mheshimiwa," Mathe akajibu bila kugeuka, chapati ikiwa hewani. "Tuna umma tu, ndio hawa."

Alicheka sana, akihakikisha kamera imemnasa akicheka. Kisha akaanza.

Sasa nikiri jambo. Mimi si mtu wa kudharau viongozi, na huyu hakuanza vibaya. Alisema shida ya nchi hii si pesa, ni tabia. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema serikali si mama ya mtu, kila mmoja aamke saa kumi alfajiri ajitafutie. Nikaitikia, maana mimi huamka saa kumi kasorobo. Akasema familia ndiyo msingi, mtoto aadhibiwe, mzee aheshimiwe, mtu asikope cha kula. Hapo pa kukopa shingo ilisita kidogo lakini nikaitikia. Mimi ni mtu wa mambo ya zamani. Kodi ya nyumba nalipa tarehe tano, sina deni dukani, watoto wangu huwasalimia wakubwa kabla ya kuingia choo cha ploti. Ukitafuta mhafidhina Industrial Area nzima, nitafute mimi pale nyuma ya magunia. Kwa hiyo picha zote saba zilizosambazwa zinanionyesha nimeinamisha kichwa kama mtu anayelishwa kiapo.

Akafika kwenye ruzuku. "Mnakumbuka unga wa shilingi mia?"

Nani hakumbuki? Julai 2022, pakiti ya kilo mbili, wiki chache kabla ya uchaguzi. Naukumbuka kuliko nilivyouona, maana kila duka niliingia nikaambiwa umeisha sasa hivi.

"Ukaondolewa baada ya uchaguzi. Je, mlikufa?"

Kimya. Madondo yakachemka.

"Hamkufa!" akajijibu, na walinzi wake wakapiga makofi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na chapati.

Na wakati wote huo, jamani, Prado ilikuwa inanguruma. Dereva amelala mdomo wazi, kipoza hewa kinawapuliza viti vitupu, maji yanadondoka chini ya gari tone kwa tone hadi yakafanya kidimbwi, na shomoro akaja kuoga. Mheshimiwa alikuwa anasema kwamba ule ushuru wa mafuta uliotoka asilimia 8 ukawa 16 mwaka 2023 ni dawa chungu lakini mgonjwa atapona. Mimi namsikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye injini. Nyinyi mnajua tunavyokaa mbele ya televisheni kila tarehe 14, bei mpya za mafuta zikitangazwa, kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217 na senti 36 kwa lita hapa Nairobi, na mimi nisiye na hata baiskeli nikaumwa kichwa siku mbili. Leo nikamtazama yule shomoro nikajiuliza anaoga kwa shilingi ngapi.

Ndipo akamleta Margaret Thatcher. Binti wa mwenye duka, akasema, aliyeishika Uingereza miaka kumi na moja, kuanzia 1979 hadi 1990, na siri yake ilikuwa moja: nchi ni kama jikoni, mama hatumii asichokuwa nacho. Akamnyooshea Mathe kidole. "Hata wewe mama, wewe ni Thatcher!"

"Mimi?" Mathe akashtuka. "Alikuwa na kibanda wapi?"

Karani akakohoa. Akikohoa Karani, jua kuna faili inafunguliwa. "Huyo mama alikuja hapa kumtembelea Moi," akasema taratibu. "Januari 1988. Na kabla hajawa waziri mkuu, alikuwa waziri wa elimu kwao. Mwaka 1971 aliwaondolea watoto waliopita miaka saba maziwa ya bure ya shule. Wakambandika jina la mnyang'anyi wa maziwa."

"Nidhamu ya bajeti!" mheshimiwa akashangilia.

"Sisi huku," Karani akaendelea kana kwamba hakusikia, "Moi akaanza kuwagawia wanafunzi maziwa mwaka 1979."

Mniwie radhi, hapo nilitoka kibandani. Mwili ulibaki lakini mimi niliondoka. Nilikuwa darasa la tatu, nimeshika ile pakiti ya pembe tatu, baridi, nimeing'ata ncha kwa jino la pembeni na maziwa yameniruka puani. Tulikuwa tunaziweka zile pakiti tupu chini, tunazipuliza, tunazikanyaga, zinalia kama bunduki, na mwalimu mkuu anatoka mbio. Hakuna aliyetuambia tunalemazwa. Sisi tulidhani ni maziwa.

"Halafu wakaja wakopeshaji na masharti yao," Karani akasema. "Kuchangia gharama shuleni, kuchangia hospitalini, kupunguza wafanyakazi. Maziwa yakaisha. Na mimi nikaisha."

Mheshimiwa akatazama saa yake. Akasema kwa ufupi, Wakenya tukaze mshipi.

Sijui ni neno mshipi, sijui ni maziwa. Nilijikuta nimesimama. Nilikusudia kuongea kwa adabu, kama mtu mzima, nianze na "kwa heshima zote". Nilianza nayo. Iliyofuata sikuipanga.

"Kwa heshima zote mkubwa, nikaze wapi? Hili tundu nimelitoboa leo asubuhi, bado linanuka moshi, njoo unuse! Asilimia moja na nusu ya mshahara inaenda kwa nyumba za bei nafuu za serikali ambazo sijui ziko mtaa gani. Asilimia 2.75 inaenda kwa bima ya afya, na ninavyokula hivi ni kweli nitaihitaji. Januari 2024 dola ilikuwa shilingi 160, ikashuka hadi kama 129, mkatuambia shilingi imepata nguvu. Sawa, hongera kwake! Mbona sabuni haijapata hizo habari? Mbona makanga hajapata? Nani ana namba ya sabuni aipigie?"

Ili aone tundu vizuri nilikuwa nimeufungua mshipi. Hapo ndipo nilipokosea. Suruali ikashuka haraka kuliko dola.

Kijana wa kamera akazima kamera. Nitamshukuru kwa hilo peke yake. Mheshimiwa akainuka, akanipiga bega. "Huyu ndiye Mkenya ninayemtaka," akawaambia walinzi. "Amekonda lakini anasimama." Akaingia garini. Nusu ya chapati yake ilibaki sahani, imekunjwa vizuri kama barua.

Msaidizi wake mwenye simu tatu akamwambia Mathe, "Nipe namba, tutatuma." Mathe akampa. Vumbi likapanda, Prado zikarudi nyuma kichochoro kizima kwa sababu hakuna pa kugeuzia, zikaangusha kibao cha muuza miwa.

Tukasubiri. Simu ya Mathe ikalia. Sote tukainuka. Ilikuwa ujumbe wa kumwambia anaweza kushinda pikipiki.

Mathe akafuta mikono kwenye aproni, akahesabu kwa sauti. Chapati tisa, madondo sahani nne, chai vikombe vitano. Shilingi 480. Akaweka na zangu 70. Akanitazama.

"Mathe, mimi simjui yule."

"Si mlikuwa mnaongea? Si ulikuwa unaitikia kwa kichwa? Mgeni wako huyo."

"Amesema kila mtu ajitegemee!"

"Ndiyo. Na mimi nikijitegemea, namtegemea mteja alipe."

Nilikuwa na 300. Za kurudi nyumbani zilikuwa humo humo. Nikamuomba anifanyie kama nchi ilivyojifanyia Februari 2024, ilipokopa dola bilioni 1.5 kwa riba kubwa zaidi ili kupunguza lile deni la bilioni 2 la 2014 lililokuwa linaiva Juni: yaani anikopeshe ya Ijumaa nilipie ya leo. Mathe akaniambia nchi haili hapa. Akalichomoa daftari lililokuwa chini ya kopo la chumvi, kalamu imefungwa kwa uzi. Mimi, nisiye na deni dukani! Akaandika 250, na kwa sababu hajui jina langu, akaandika "Shati ya Mheshimiwa".

Nimerudi kwa miguu hadi Donholm. Wingu lile moja halikunyesha hata tone.

Mke wangu alikuwa ameshaziona picha kwenye kundi la kanisa. Hakuuliza habari ya uchumi. Aliuliza kwa nini nimevaa hilo shati na aliniambia kola imechakaa. Nikamweleza kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ile nusu chapati niliibeba.

Sijajibu, hodi. Jirani wa juu, amevaa vizuri, ameshika bahasha. "Baba, tumeona uko karibu na mheshimiwa. Ni basari ya kijana wangu tu, umfikishie." Nikaanza kumweleza kwamba mimi na mheshimiwa hatujuani, nikaona anavyonitazama, kama mtu anayenyimwa maziwa. Nikamwambia aache fomu. Baada yake akaja mama wa ghorofa ya chini, halafu bawabu, ambaye hana mtoto shuleni lakini anasema ni vizuri kuwa na fomu mahali.

Sasa ni saa tatu usiku. Fomu tatu ziko mezani, stima bado, naziangalia kwa tochi ya simu. Mwanangu mdogo wa darasa la pili amepata kalamu na ameshachora ng'ombe nyuma ya ile ya bawabu. Si mbaya. Ana pembe nzuri, ila amemsahau kiwele.